Kabla ya kumkabidhi kijana mkono wa mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika tunaliona kila siku, na kwa kuwa tunaliona kila siku tumeacha kulishangaa. Ni umri na ujuzi wa vijana wanaoendesha boti za mashine, hasa zile zinazobeba abiria kutoka mwalo wa Kibirizi, yaani ufuko wa kuegeshea boti hapa Kigoma, kwenda vijiji vya mwambao wa kaskazini kama Mtanga, Mwamgongo na Kagunga. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi nilipostaafu, na baadhi ya vijana ninaowazungumzia hapa nimewafundisha kusoma na kuandika.

Mwaka jana, katika miezi ya kusi, ule upepo utokao kusini, nilipanda boti kwenda msibani. Tulikuwa abiria wapatao thelathini, pamoja na magunia ya unga, madumu ya mafuta na mbuzi wawili. Mtu mzima tuliyemwona akipokea nauli ufukweni hakusafiri nasi. Boti ilipokwisha kusukumwa majini, aliyeshika mkono wa mashine, ambao ndio usukani wa boti hizi, alikuwa kijana niliyemfundisha darasa la nne miaka mitano kabla yake, na kwa hiyo nilijua umri wake bila kumuuliza.

Wanaosafiri njia hiyo wanafahamu kwamba ukielekea kaskazini wakati wa kusi, upepo na mawimbi hukufuata kwa nyuma. Abiria huona safari ni nyepesi, lakini kwa anayeongoza chombo hiyo ndiyo hali ngumu kuliko nyingine. Wimbi huinua tezi, yaani nyuma ya chombo, omo, yaani mbele yake, ikazama, na chombo kikaanza kuteleza na kutaka kulala ubavu, na kikilala ubavu, wimbi linalofuata humiminika ndani. Mzoefu hupunguza moto, yaani kasi ya mashine, mapema na kuliacha wimbi lipite chini yake. Kijana wetu alifanya kinyume, aliongeza moto ili alikimbie wimbi. Mara mbili tuligeuzwa ubavu na maji yakaingia hadi yakalowanisha magunia. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa abiria kama sisi, alitambaa kati ya mizigo akafika nyuma, akauchukua ule mkono bila kusema neno, akapunguza moto na kukirejesha chombo katika mwelekeo wake. Kijana alikaa juu ya tanki la mafuta, macho chini, hadi tulipofika.

Hakuna aliyetoa taarifa, na mimi sikutoa. Tulishuka, tukaenda kuzika, na siku ya tatu nikarudi kwa boti nyingine. Kunyamaza kwangu siku ile kumenisumbua tangu wakati huo, na ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Sheria za nchi hazikulisahau jambo hili kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu mwenye umri chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani au kuwa miongoni mwa mabaharia wa chombo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kwenda baharini miongoni mwa kazi hatarishi ambazo mtoto haruhusiwi kuzifanya. Anayetaka kujitetea kwamba ziwa si bahari akumbuke kwamba ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, na kina chake mahali palipo kirefu zaidi ni takriban mita 1,470. Tatizo ninaloliona liko mahali pengine. Sheria hizo zinazungumza hasa kuhusu kazi na ajira, ilhali ukimuuliza mwenye boti atakujibu kwamba kijana yule hakuajiriwa na mtu, ni mwanawe, au ni mtoto wa dada yake aliyekuja likizo na anasaidia tu. Kwa jibu hilo mazungumzo huishia hapo. Ninachoomba ni kanuni inayoeleweka mwaloni, inayomtazama yule aliyeshika mkono wa mashine bila kujali analipwa au halipwi, ni mtoto wa tajiri mwenye boti au ni kibarua.

Kwa upande wa chombo chenyewe tumesogea. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, linasimamia usalama wa vyombo vya majini, na leo hata mama anayekwenda kuuza dagaa anajua kwamba anastahili kupewa jaketi okozi na kwamba boti ina idadi yake ya abiria. Hata hivyo, katika safari zangu zote kutoka mwaloni kwetu sijawahi kuona kijana akiulizwa cheti chake cha kuongoza chombo, wala umri wake. Taifa limekwisha kupata funzo chungu kuhusu jambo hili. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, hayati Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba usukani ulikuwa umeachiwa mtu asiye na mafunzo. Kile kilikuwa kivuko cha Serikali. Boti zetu za mbao haziwezi kudhaniwa kuwa salama zaidi.

Najua nitakayojibiwa, kwa sababu nimejibiwa hivyo barazani mara nyingi: samaki mkunje angali mbichi. Watoto wa Katonga na Ujiji hujifunza ziwa kwa baba zao, na anayengoja miaka 18 ndipo aguse kasia hatakuwa mvuvi kamwe. Nakubali maneno hayo kwa moyo wote. Mtoto wa mwambao wa miaka kumi na miwili anaweza kutazama mawingu juu ya milima ya Kongo akakuambia kama usiku utakuwa na upepo, na mimi mwenye cheti cha ualimu nisiweze. Elimu hiyo ni urithi wetu na sitaki kanuni yoyote iikate. Lakini anayemkunja samaki hukaa naye mkononi. Kumfundisha mtoto huku umekaa naye tezini ni jambo moja, na kumkabidhi roho thelathini ukabaki ufukweni kuhesabu nauli ni jambo jingine.

Tena, kujua ziwa ni nusu tu ya kazi ya nahodha. Nusu ya pili ni kukataa. Nahodha ndiye anayepaswa kusema gunia hili linabaki, mama huyu asubiri boti ya jioni, leo hatuondoki mpaka upepo utulie. Hebu tujiulize, katika malezi yetu, kijana wa miaka kumi na mitano atamwambiaje tajiri wake, ambaye ni baba au mjomba, kwamba mzigo umezidi? Atawaambiaje wanawake wenye umri wa mama yake wahame kutoka omo, au mzee wa umri wa babu yake ashuke? Tumemlea aamkie, anyamaze na atii, na tumemlea vizuri. Adabu hiyo hiyo, akiwa kwenye mkono wa mashine, inageuka hatari kwa kila aliyemo chomboni. Nami nadhani, ingawa linauma kusemwa, kwamba hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya baadhi ya matajiri wawapende vijana: hulipwa kidogo na hawabishi wanapoambiwa waongeze abiria.

Nimejaribu kuangalia wenzetu wanafanyaje. Nchini Kanada, kwa boti za matembezi, umri umefungamanishwa na nguvu za mashine: aliye chini ya miaka 12 akiwa peke yake haruhusiwi kuzidi nguvu za farasi 10, mwenye miaka 12 hadi kabla ya 16 asizidi 40, na akiwa na msimamizi mwenye miaka 16 au zaidi mipaka hiyo haimhusu. Viwango hivyo visiigwe hapa kama vilivyo, maana mashine ya 40 kwetu ndiyo inayosukuma boti ya abiria, wala si chombo cha kutembelea siku ya mapumziko. Linalofaa kuchukuliwa ni ule mpango wa ngazi, ambapo kijana haambiwi hapana moja kwa moja, ila anaambiwa ataruhusiwa hiki kwanza, kile baadaye. Norwe nao, walipoanza mwaka 2010 kudai cheti kwa boti za matembezi zenye urefu unaozidi mita 8 au nguvu zinazozidi farasi 25, waliwadai waliozaliwa kuanzia mwaka 1980 tu, wazee wakaachwa na uzoefu wao. Busara hiyo inatufaa sana, kwa kuwa hakuna litakaloua kanuni hii haraka kuliko kumfanyisha mtihani mzee aliyevuka ziwa hili miaka arobaini.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kijana wa miaka 14 hadi 17 aruhusiwe kujifunza kwa mashine ndogo, mchana, karibu na ufuko, bila abiria wa kulipa, na nahodha mtu mzima akiwa amekaa mahali anapoweza kuufikia ule mkono. Akifika miaka 18 afanye mtihani wa vitendo palepale mwaloni: kuondoka na kutia nanga, kuongoza chombo mawimbi yakiwa mbele na yakiwa nyuma, kumrudia mtu aliyeanguka majini bila kumkaribia kwa upande wa propela, kuzima mashine haraka, na kueleza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unamaanisha nini kwa safari ya siku ile. Abiria wa kulipa na safari za usiku aruhusiwe baada ya muda mwingine wa kufanya kazi chini ya nahodha mwenye cheti. Mtihani uwe wa mdomo na vitendo, kwa Kiswahili, kwa sababu wapo vijana hodari ambao kalamu inawashinda, na ninalisema hilo nikiwa mwalimu wao.

Wapo watakaouliza mafunzo hayo yatafanyika lini, wakati wavuvi hawana siku ya kupumzika. Siku hizo zipo, na ziwa lenyewe limetupa. Kila mwezi, mbalamwezi inapokuwa kubwa, taa za kuvutia dagaa hazifanyi kazi, vyombo hukaa ufukweni na vijana hukaa navyo wakishona nyavu au kucheza karata. Zaidi ya hapo, mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika ziwa zima kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na miezi hiyo ndiyo ya kusi, wakati ambao mawimbi yenyewe yangekuwa walimu chini ya uangalizi. Kigoma tuna kampasi ya FETA, wakala wa Serikali wa elimu na mafunzo ya uvuvi, na mialoni tuna vikundi vya BMU, vya wanajamii wanaosimamia uvuvi mwaloni, ambavyo vinamjua kila kijana kwa jina la baba yake. TASAC ikitoa mtihani na cheti, FETA ikitoa wakufunzi na BMU ikiandikisha, sioni gharama kubwa ya kututisha. Ada iwe ndogo na ilipwe na mwenye boti.

Kuhusu uthibitisho wa umri, wengi hawana cheti cha kuzaliwa, lakini kadi ya kliniki au rejista ya shule haikosekani. Hilo lisiwe kisingizio.

Kosa likitokea, adhabu imwangukie mwenye chombo. Kijana aliyekaa juu ya lile tanki la mafuta, macho chini, hakujituma mwenyewe. Nilikutana naye tena mwezi uliopita, akaniamkia kwa heshima kama zamani na kuniambia kwamba bado anaendesha. Nilimuuliza kama kuna aliyewahi kukaa naye amwonyeshe namna ya kulipokea wimbi la nyuma. Alisema yule mzee wa siku ile alimwita nyumbani kwake mara mbili, akamchorea mchangani.

Wahusika wakikubali kuanza, hata kwa mwalo mmoja, niko tayari kuja bila malipo kila mbalamwezi kuwasaidia vijana sehemu ya kusoma utabiri wa hali ya hewa na kuhesabu uzito wa mzigo. Yule mzee nimekwisha kuzungumza naye, na amekubali kufundisha wimbi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kibirizi, Kigoma