Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea Mweka Hazina, sitamwingilia. Deni hatuna. Ambao hawajalipa ada wanajijua.

Kwa sisi wasikilizaji wa redio za masafa mafupi huu umekuwa mwaka wa kuchekesha, kama mtu ana roho ya kucheka. Mzunguko wa jua kuchachamaa na kupoa, wa takriban miaka 11, ulifika kileleni mwishoni mwa 2024. Jua likichachamaa hivyo, tabaka la juu la anga hurudisha mawimbi vizuri ajabu, hata kwenye bendi za mita 16 na mita 13 ambazo jua likipoa huwa kimya kabisa. Zamani tungekesha. Sasa anga limefunguka, vituo vimefunga. Channel Africa ya Afrika Kusini iliacha masafa mafupi mwaka 2019. Machi mwaka huu, serikali ya Marekani ilipowapa wafanyakazi likizo ya lazima, Sauti ya Amerika nayo ikanyamaza, idhaa ya Kiswahili ikiwemo. Najua wanachama waliodhani redio zao zimeharibika, wakazifungua na kuzipuliza vumbi.

Na kile kidogo kinachobaki hewani tunakiua wenyewe majumbani. Chaja za simu za bei rahisi na balbu za LED zinapiga mkwaruzo unaofunika kila kitu. Ndiyo maana usiku wa kusikiliza tuliupeleka shambani, Kigamboni, mbali na nguzo za umeme. Walikuja wachache kuliko nilivyotarajia, ila waliokuja walipata walichokifuata.

Kuhusu kutengeneza redio kwa mikono, hapo nitakawia kidogo. Wengi wetu tulianza kwa sababu ya shida, hatukujua kama ni burudani. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilifundishwa kwa redio, watu wapatao milioni 2 wakiwa wamekaa kwa vikundi. Redio ya kikundi ikifa, na somo limekufa. Kwa hiyo alihitajika mtu wa kujua kwamba uzi unaosogeza mshale wa stesheni ukikatika unaweza kuzungushiwa mshipi wa kuvulia samaki, kwamba swichi ya sauti inayokwaruza inataka tone la spiriti, na kwamba betri zikichoka unazianika juani zikupe taarifa ya habari moja zaidi. Redio za Philips zilizounganishwa Arusha ukizifungua ulikuta kila kitu kinaonekana: transista hii, koili ile, kondensa pale. Fungua sabufa ya leo. Utakuta bodi ndogo na tone jeusi la gundi gumu, na ubongo wote umo humo ndani. Fundi anatazama, anarudishia skrubu, anamwambia mteja akanunue nyingine. Simlaumu. Ningekuwa kwenye meza yake ningesema hivyohivyo.

Mwezi wa Juni tulimzika mmoja wa wazee waanzilishi wa chama. Familia, Mungu awabariki, ilitukabidhi vitu vyake: makopo ya Blue Band yaliyojaa rezista zilizopangwa kwa rangi, transista za AC128 zilizofungwa kwenye karatasi, na madaftari ya usikilizaji. Kila mstari una saa, masafa, na tarakimu tano za kupima nguvu na usafi wa sauti. Pembeni mwa mstari mmoja wa kHz 11735, masafa ya Redio Zanzibar, ameandika "5 zote", yaani alama za juu kabisa, na kupigia mistari miwili. Mtu anayeishi hapa Dar es Salaam, bahari tu ikimtenga na mtambo, anajipongeza kama ameikamata Redio Peking ya China! Ndivyo alivyokuwa.

Vitu hivyo tumevifungulia darasa la Jumamosi. Binti mmoja wa kidato cha pili alichukua kijiti cha ferraiti, ile antena ya ndani ya redio, kondensa ya kuzungusha ya kutafutia stesheni kutoka redio mbovu, na TA7642, kidude chenye miguu mitatu kinachofanana na transista lakini ndani ni redio karibu nzima, kinachoridhika na betri moja ya volti 1.5. Mara ya kwanza haikusema kitu. Alikuwa ameichomelea miguu kinyume. Aliigeuza, na saa tatu usiku ikaleta kituo cha masafa ya kati kwa lugha ambayo hakuna aliyeitambua. Wazee walibishana ni Kisomali au Kimalagasi. Yeye alitaka kujua kwa nini ukigeuza redio yenyewe sauti inafifia. Hilo swali ndilo tunalolitafuta.

Sasa mzozo wetu. Wapo wanaotaka anayesikiliza kupitia intaneti, mathalani kwa kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi, asihesabiwe msikilizaji. Kwangu mimi, anahesabiwa, ila aandike kwenye ripoti antena ilikuwa wapi. Aliyeko Tabata akitumia antena ya Uholanzi amesikia Uholanzi. Kamati imegawanyika, pigeni kura.

Mambo ya kuamuliwa leo ni hilo, pamoja na ombi la kununua kipima-umeme cha pili kwa ajili ya darasa, na tarehe ya usiku wa kusikiliza ujao. Napendekeza Februari, kabla ya mvua za masika hazijaanza na radi zake. Kila mtu aje na betri zake, na simu zote zizimwe, chaja zibaki nyumbani. Nawakaribisha kwa maswali.

Mwenyekiti