YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHUMVI YA NGOZI INAYOINGIA MFEREJINI KUTOKA KIWANDANI KWENU

Meneja Mkuu,
Kiwanda cha Kusindika Ngozi.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara wa ngozi. Nazichukua machinjioni, nazitia chumvi bandani kwangu, kisha nawaletea nyinyi. Kiwanda kikifungwa, mimi ni wa kwanza kulala njaa, kwa hiyo naomba barua hii isisomwe kama ya mtu anayetaka mfungiwe.

Mzigo ukifika, vijana wenu wa mapokezi huukung'uta uani ili chumvi isiingie kwenye mizani. Hapo sina neno, kila mnunuzi anafanya hivyo. Shida ni kwamba ua hauna paa. Chumvi ile, imeshachanganyika na damu na vipande vya mafuta, inafagiliwa hadi ukutani na kuachwa hapo. Mvua ikinyesha, yote inateremka mferejini. Na iliyobaki ndani ya ngozi inatoka kwenye maji ya kulowekea, nayo yanaishia mfereji huohuo.

Huko chini kuna bustani. Maharage ndiyo yaliyotangulia: majani yalibabuka kingo, yakajikunja, yakapukutika kabla ya kutoa ua. Mchicha umejikongoja kidogo. Siku za jua kali matuta yanaota ukoko mweupe, na ukiugusa kwa ulimi huhitaji kwenda maabara. Mama mwenye bustani hiyo alikuja getini kwenu kuuliza. Akajibiwa kwamba maji yote yanapitia kwenye mabwawa ya kusafishia, basi aondoe hofu.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike, maana aliyelitoa ama hajui ama hakutaka kusema. Kwenye mabwawa kuna vijidudu vinavyokula damu, nyama na mafuta. Chumvi havili. Hata kromu, ile dawa ya kusindikia ngozi, inaweza kugandishwa kwa chokaa ikatuama chini, lakini chumvi ikishayeyuka inaingia bwawani na kutoka vilevile ilivyoingia. Kuitoa kunataka mitambo ya kuchuja maji kwa shinikizo kubwa, au kuyavukiza maji yote, na gharama zake mnazijua kuliko mimi. Dawa ni kuikamata ingali kavu.

Na si chumvi ya kijiko. Ngozi mbichi ya ng'ombe ya kilo 20 kwa utaratibu wa kawaida hutiwa chumvi kilo 8 hadi 10. Zidisha kwa lori moja tu.

Ninachoomba cha kwanza hakihitaji mzungu wala mkopo. Jengeni paa, wekeni vichanja vya mbao vyenye nafasi, ngozi itandazwe juu yake ipigwepigwe vizuri pande zote, na chumvi idondokee kwenye sakafu ya saruji iliyo kavu. Ifanyike kwa kila ngozi kabla haijaingia kwenye maji, si kwa zile chache za kupimia tu. Chumvi hiyo ikusanywe na kuhifadhiwa mahali pasipofikiwa na mvua. Ila msije mkatuuzia sisi wa mabandani tuitumie tena kama ilivyo: inabeba vijidudu vinavyostawi kwenye chumvi, ambavyo ndivyo vinavyoleta yale madoa mekundu mnayotukatia bei.

Cha pili kinaniuma zaidi, kwa kuwa ni cha utaratibu tu. Machinjio hayako mbali na kiwanda. Ng'ombe wanachinjwa alfajiri. Ngozi zikiondoka hapo mapema zinaweza kuwa kwenye mapipa yenu kabla jua halijapanda, bila hata chembe ya chumvi. Lakini ofisi yenu ya manunuzi inakataa ngozi mbichi kabisa. Lazima itiwe chumvi ndipo ipokelewe, hata kama mnailoweka kesho yake! Sisi tunanunua magunia ya chumvi, nyinyi mnatumia maji mengi kuiosha, jirani anapoteza bustani. Nani anafaidika hapo, zaidi ya muuza chumvi? Zinazotoka minada ya mbali zitiwe chumvi, sawa, kwa joto letu zitaoza njiani. Hizi za jirani pangeni gari na saa ya kupokelea.

Haya yameshawakuta wenzenu. Huko Vellore, kusini mwa India, maji ya viwanda vya ngozi yaliharibu mashamba na visima, na utafiti uliofikishwa mahakamani ulitaja hekta zipatazo 35,000 zisizofaa tena kwa kilimo, kabisa au kwa sehemu. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mchafuzi ndiye mlipaji. Kwetu msingi huohuo umo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Naomba mje na mtaalamu wenu mpime chumvi ya maji ya mfereji, juu ya kiwanda na chini yake, mbele ya wenye bustani, na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14 kuhusu paa na kuhusu ngozi mbichi. Hasara ya yule mama izungumzwe naye mwenyewe, si kupitia kwangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwuzaji wenu wa ngozi
(jina na namba ya simu vipo kwenye daftari la manunuzi)

Nakala:
Afisa Mazingira wa Halmashauri
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa