Mwite arudi

Kisauni, Mombasa

Shoga yangu Mwanaharusi,

Salaam aleikum. Barua yako nimeipata, na nimerudia mara mbili pale uliposema yule mhudumu wa afya wa mtaa ulimrudisha mlangoni ukamwambia "sisi si maskini". Nakuelewa, tumelelewa kusitiri hali zetu. Lakini nisikilize, maana jambo hilo mimi limeniponza.

Bima ya afya ya serikali, NHIF, ilipoondoka ikaja SHA, Oktoba 2024, kwangu pia alikuja mhudumu wa mtaa wetu kupima hali zetu. Akaketi mkekani na simu yake, akauliza: kuta za nini, sakafu ya nini, choo cha namna gani, wapikia nini. Nikamwambia gesi. Mwanaharusi, mtungi ule u pembeni nimeufunika kitambaa cha kufuma, haujatiwa gesi tangu Ramadhani; mahamri yote nayapika kwa mkaa. Maji nikasema ya mfereji, na wajua twanunua madumu ya mkokoteni. Jibu likaja: mchango wetu wa SHA ni shilingi 610 kwa mwezi, na sisi tusio na mshahara hutakiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, 7,320. Kiwango cha chini ni 300. Sikulipa.

Mwezi wa tatu kidonda cha sukari kikamzidi Baba Salim, akalazwa. Kwenye kompyuta jina lipo, malipo hayapo. Nilisimama dirishani leso imeniteleza begani, nikiwapigia watu wa chama mmoja mmoja hadi pesa zikatimia.

Sasa wewe, mjane mwenye watoto wanne na karai moja ya viazi, mwite yule dada arudi. Mjibu vile ulivyo. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Watu kama wewe ndio waliokusudiwa, lakini watakujuaje kama hukuandikwa? Na ukishajiandikisha kwa *147#, kutibiwa zahanati na kituo cha afya cha serikali ni bure. Mchango ule ni wa hospitali kubwa. Kikohozi cha Nuru usikinunulie tena dawa dukani.

Mimi nimeomba hali yangu iangaliwe upya, na safari hii nitasema mkaa.

Toa kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, uviweke pamoja. Jumamosi navuka feri nije Mtongwe. Akija tutaketi naye sote, na ukishikwa na haya, nitakuwa ubavuni mwako.

Wako akupendaye,
Mama Salim