Barua ya wazi kwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini kuhusu ahadi za serikali za mseto

Wanangu,

Kamwene mlioko Iringa na Njombe. Mugonile mlioko Rungwe, Busokelo na Kyela. Nanyi wa Mbeya mjini, Mbozi na Tunduma, nawasalimu.

Kila mara vyama vya nchi jirani vinapotangaza kwamba vitatawala pamoja, yaani serikali ya mseto, nawasikia mkiufunga mjadala kwa kauli moja: hao wote lao moja, wanagawana ulaji. Shaka hiyo ina msingi, wala siandiki kuwaomba muiache. Naomba muifanyie kazi. Waziri hasumbuliwi na mtu anayesema "waongo hawa". Anasumbuliwa na anayeuliza mlitenga kiasi gani, kimetoka kiasi gani, amekipokea nani na tarehe ngapi. Mfano mkubwa nauchukua Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, kwa kuwa wengi wenu mna ndugu huko na mlisikia mambo haya yakitokea.

Februari 3, 2020 Mahakama ya Katiba ya Malawi ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais wa mwaka 2019. Vyama tisa vikaungana kwa jina la Tonse, Lazarus Chakwera wa MCP akagombea urais, Saulos Chilima wa UTM akawa mgombea mwenza, na Juni 23, 2020 wakashinda uchaguzi wa marudio. Ahadi zao zilishikika kirahisi: ajira milioni moja, milo mitatu kwa siku, na mbolea ya ruzuku kwa kwacha 4,495 (fedha ya Malawi) kwa mfuko wa kilo 50.

Kosa la kwanza lilikuwa la karatasi. Makubaliano ya ndani kati ya MCP na UTM hayakuwekwa mezani wananchi wayasome. Kwa miaka minne watu walibishana kama walikubaliana Chakwera atawale muhula mmoja kisha ampishe mwenzake mwaka 2025, au hapakuwa na kitu kama hicho. Chilima akafariki katika ajali ya ndege Juni 10, 2024, na mwezi uliofuata UTM ikajitoa. Serikali ya mseto ambayo hati yake haijachapishwa haina mtu wa kuibana: kila mshirika atakwambia ahadi hiyo ilikuwa ya mwenzake. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, ndani ya wiki zile za pongezi na picha za mikono iliyoinuliwa, ni hili: hati iko wapi, nani ametia saini, na ahadi ipi iko chini ya wizara ya chama kipi?

Sasa mbolea. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ninyi ni watu wa mahindi na viazi na hakuna haja ya kuwaeleza DAP, mbolea ya kupandia, ni nini.

Msimu wa 2020/21 ahadi ilitekelezwa kwa sehemu kubwa. Zaidi ya kaya milioni tatu na nusu ziliwekwa kwenye mpango, mifuko miwili kila moja, kwa bei ileile iliyotajwa majukwaani. Palikuwa na foleni ndefu kwenye maghala na mtandao wa kuhakiki vitambulisho ulikatika mara kwa mara, lakini mbolea ilifika kwa wengi. Gharama yake ilikuwa takriban kwacha bilioni 160, katika bajeti ya taifa ya kama trilioni 2.2. Mtu makini angeishika hesabu hiyo mapema: mpango mmoja umekula karibu asilimia saba ya fedha zote za nchi, mbolea inanunuliwa nje kwa dola, na nchi ina uhaba wa dola. Bei ya dunia ikipanda, nini kitapungua?

Bei ikapanda mwaka 2021 na 2022, na Mei 2022 kwacha ikashushwa thamani kwa asilimia 25. Kufikia msimu wa 2022/23 mkulima alitakiwa kuchangia kwacha 15,000 kwa mfuko, na idadi ya walengwa ilikuwa imeshuka hadi milioni 2.5. Msimu wa 2023/24 wakawa milioni 1.5. Angalieni vizuri hapo. Hapakuwa na siku ambayo ahadi ilitangazwa kuwa imekufa. Mpango ulibaki na jina lake, hotuba zikaendelea, ila waliomo walipungua na bei ikapanda. Ndivyo ahadi nyingi za serikali zinavyokwenda, za mseto na zisizo za mseto, na ndiyo sababu nasema msiandike kwenye daftari jina la mpango peke yake. Andikeni namba tatu: walengwa wangapi, kila mmoja anapata nini, analipa kiasi gani. Mwaka unaofuata andikeni tena chini yake.

Tuwe waadilifu pia. Bei ya mbolea ya urea duniani haikupandishwa na Chakwera. Lakini mwaka 2022 kwacha milioni 750 zililipwa kwa kampuni ya Uingereza iliyojulikana kwa biashara ya nyama, kabla ya mfuko hata mmoja kufika. Oktoba waziri wa kilimo na naibu wake wakaondolewa. Hiyo haikutokana na vita vya Ukraine wala na soko. Imetokana na kuruka hatua ambazo ofisa ununuzi yeyote anazijua: kukagua usajili wa kampuni na kazi iliyowahi kufanya, kudai dhamana ya benki kabla ya malipo ya awali, na kuachia fedha nyingi baada tu ya hati za meli kuonyesha shehena imepakiwa. Anayeuliza mwezi wa saba "nani amepewa zabuni, tani ngapi, zinashukia bandari gani?" anaokoa fedha. Anayeuliza mwezi wa kumi na mbili anakuta mvua imeshanyesha na fedha zimekwenda.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kaya milioni 2.5, mifuko miwili ya kilo 50 kila kaya, ni tani 250,000. Lori la tani 30 moja moja, ni zaidi ya malori 8,300. Mzigo wa namna hiyo haufichiki. Watu wa Kasumulu, pale mpakani na Malawi, na wanaofanya kazi karibu na kituo cha mizigo cha Malawi hapa Mbeya, wanaona kwa macho kama sehemu inayopita njia ya Dar es Salaam inatembea au imesimama. Fanyeni hesabu hiyohiyo kwa mbolea ya ruzuku yetu, ile iliyozinduliwa Agosti 8, 2022 viwanja vya John Mwakangale. Wangapi wamesajiliwa katani kwenu, mahitaji ni mifuko mingapi, wakala amepokea mingapi?

Jambo la pili ni nani anabaki kuuliza. Akina mama wa vicoba wanalifahamu hili kuliko wanasiasa: sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo una mtu wake. Katika mabunge mengi ya Jumuiya ya Madola kamati ya hesabu za serikali huongozwa na mbunge wa upinzani, kwa sababu hiyohiyo. Upinzani ukiingia serikalini, ufunguo ule unahamia kwa walewale.

Kenya waliliona. Mkataba wa Februari 28, 2008 kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga ulizima moto, na hilo si dogo. Ulizaa baraza la mawaziri 40, na bunge likabaki bila upinzani rasmi. Watu waliiita serikali ya nusu mkate. Zikaja kashfa za mahindi na za fedha za elimu ya msingi. Februari 2010 Raila, akiwa waziri mkuu, aliwasimamisha mawaziri wawili kwa miezi mitatu kupisha uchunguzi. Siku hiyohiyo Kibaki akasema hana mamlaka hayo, nao wakabaki kazini. Mkataba ulitaja madaraka ya wote wawili bila kusema nani anamwajibisha waziri wa chama kingine. Hata hivyo serikali hiyohiyo iliwapa Wakenya katiba mpya Agosti 2010. Msiifute kwa mstari mmoja.

Zanzibar walifanya vizuri zaidi mwanzoni: wananchi waliulizwa kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa kwa kura ya maoni Julai 31, 2010, zaidi ya asilimia 66 wakakubali, na utaratibu ukaingia kwenye katiba. Lakini CUF, chama mshirika wa CCM katika serikali hiyo, iliposusia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, umoja ule ukakatika hadi Desemba 2020.

Afrika Kusini, ambako chama tawala cha ANC kilipata viti vya bunge 159 kati ya 400 mwaka 2024, washirika walichapisha tamko lao. Februari 2025 bajeti iliahirishwa siku ileile ya kusomwa kwa sababu walipingana juu ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kupanda kutoka asilimia 15 hadi 17, na Aprili nyongeza ikaondolewa kabisa. Wengi mlicheka kwamba wameshindwana. Mimi naona ule ugomvi wa hadharani ndio uliompunguzia mzigo mnunuzi wa kawaida. Mseto unaonitia wasiwasi ni ule usiogombana kamwe.

Sasa hapa kwetu, maana njia ni ileile kwa serikali ya chama kimoja, ya vyama viwili au ya kijiji. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua nyingi hukwama kwa makosa madogo. Watu huuliza "kwa nini hamjatekeleza?", swali ambalo hujibiwa kwa hotuba. Au huweka maombi kumi kwenye ukurasa mmoja, na ofisi hujibu lile jepesi. Ombeni hati moja, itajeni: "Naomba taarifa ya fedha zilizotengwa, zilizopokelewa na zilizotumika kwa ujenzi wa zahanati ya kijiji chetu kuanzia Julai 1 hadi Desemba 31." Maneno hayo matatu msiyachanganye. Fedha zilizotengwa ni za kwenye kitabu cha bajeti. Zilizopokelewa ndizo zimefika kwenye akaunti. Na mara nyingi pengo liko hapo katikati, kabla hata fundi hajashika mwiko. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe na ibaki kwenu. Bila muhuri huo siku 30 hazina mwanzo. Wakikataa, ombeni mapitio kwa mkuu wa taasisi, kisha kwa waziri.

Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika bungeni Aprili. Ile ya serikali za mitaa ndiyo yenu. Tafuteni halmashauri yenu humo, someni hasa sehemu ya mapendekezo ya nyuma ambayo hayajatekelezwa; hoja inayojirudia miaka mitatu ina uzito kuliko kashfa mpya. Kabla ya kusambaza chochote kwenye simu, hakikisheni mna picha ya ukurasa wenyewe. Taarifa ya uongo inawaletea kesi, na inampa mkosaji mahali pa kujificha.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Nendeni wengi, mkae hadi mapato na matumizi yasomwe, mdai swali na jibu viingie kwenye muhtasari kabla mkutano haujafungwa. Robo ya mwaka ikipita bila mkutano, mwandikieni mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri, mkitaja tarehe ya mkutano wa mwisho.

Mzee wenu,
Mbeya