Meli ya kwenda kisiwa cha Paros haitoki, soma kabla hujafunga mlango

Jamani wapendwa, meli yetu ya saa 1 na nusu haitoki, injini moja imezingua, niko hapa Piraeus, bandari ya Athens, tangu saa 11 alfajiri, mlango wa nyuma wameushusha lakini hakuna gari linaloingia, mafundi wanapanda na kushuka mikono imejaa grisi mpaka viwikoni. Meli yenyewe ya zamani, kutu inachungulia chini ya rangi.

Huku Ugiriki ikiharibika hivi mamlaka ya bandari inaizuia mpaka wakaguzi watoe cheti kwamba imepona, kwa hiyo hata fundi akimaliza sasa hivi bado tunasubiri, na mimi naona bora hivyo maana tuna watoto.

Msitupe tiketi!! Sheria ya Ulaya namba 1177 ya 2010 inasema kuondoka kukichelewa zaidi ya dakika 90 unachagua, urudishiwe hela au wakusafirishe kwa njia nyingine.

Dada mwenye kichanga usitoke kwanza, jua la hapa gatini kali. Anayetaka ya mchana aniandikie kabla ya saa 3 nimuulizie nafasi dirishani.