Jumamosi tunatega mchwa, tunachanja kuku

Habari za jioni ndugu zangu wa Busia. Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, tukutane nyumbani kwa mwenyekiti, si sokoni tena.

1. Mchango wa chanjo ya mdondo ni shilingi 5,000, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni. Tafadhali msichelewe, ugonjwa huu humaliza banda zima.

2. Njoo na chungu kikuukuu, samadi ya ng'ombe na magunzi ya mahindi. Tunalowesha, tunajaza, tunakifunika kifudifudi juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi ukikiinua, mchwa wamejaa tele. Vifaranga wanawapenda mno, na hununui kitu!

Pumba nitaleta mimi. Andika NAKUJA hapa kabla ya kesho usiku.