Njoo ulale kwangu, Mama Rehema

Nkuhungu, Dodoma
14 Februari 2025

Shoga yangu Mama Rehema,

Simu yako ya juzi iliniondolea usingizi. Ulisema "tuko salama" halafu ukanyamaza, na kwa mbali namsikia mtoto analia. Hata mimi niliwahi kuwa salama wa namna hiyo.

Mguu kifundo wa mtoto wako si laana, wala hukukosea kitu ukiwa na mimba. Baraka wangu naye alizaliwa hivyo, nyayo zote mbili zimepinda kwa ndani, zimetazamana. Alifungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, kila wiki kwa wiki sita, miguu ikinyooshwa kidogo kidogo. Kisha wakamkata kano ya kisigino, kidonda kidogo tu, akakaa na hogo la mwisho wiki tatu. Leo anakimbiza mbuzi wa jirani.

Kazi iko kwenye viatu, vile vilivyounganishwa na chuma. Miezi mitatu ya mwanzo mtoto anavivaa saa 23 kwa siku. Baadaye ni usiku na akilala mchana, mpaka afikishe miaka 4 au 5. Hapo ndipo mama anapochoka, dada yangu. Mtoto halali, baba mtoto ananuna, mama mkwe anasema unamtesa mjukuu wake. Mimi nilimvua. Mwezi haukuisha, miguu ikaanza kurudi, tukarudia hogo upya. Kwa aibu sikumwambia mtu. Kliniki nikakaa benchi moja na mama mmoja wa Bahi. Watu wote huuliza mtoto anaendeleaje. Yeye aliniuliza mimi kama nimekula. Nililia mbele za watu. Sasa tuko akina mama wanane, tunamchangia nauli anayekwama, na usiku ukiwa mgumu tunapigiana.

Kwa hiyo usithubutu tena kutoka Mpwapwa alfajiri na kurudi siku hiyohiyo na mtoto mgongoni. Njoo siku moja kabla ya kliniki, ulale kwangu. Mtoto nitakuwa naye mimi, wewe uoge, ule, ulale. Najua ni wakati wa palizi. Shemeji nitamwomba mwenyewe. Mama mkwe wako naye mlete hata mara moja, awaone watoto waliomaliza viatu wanavyotembea. Mimi nikisema atabisha.

Nijibu, ila usiniandikie habari za mguu peke yake. Niambie unalala saa ngapi, na nani anakupokea mtoto ukienda kuchota maji.

Ukipanda gari nipigie, nitakusubiri stendi ya Nanenane.

Wako,
Mama Baraka